Bawa la Kushoto la Mwalimu Kabiru

Bawa la ndege ndogo hushonwa likiwa limesimama kwa ukingo wake, kama meza iliyolazwa ubavu. Mtu mmoja anakaa upande huu, mwingine upande ule, na hamuonani. Mimi nilikaa upande wa mafundo. Wangechi alikaa upande wa pili. Nilisukuma sindano, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, ikapenya kitambaa, ikapita kando ya ubavu wa mbao, ikatokea kwake. Yeye akaivuta, akaipitisha upande mwingine wa ubavu, akanirudishia. Nikafunga fundo, nikakaza, nikapima vidole vitatu, nikasukuma tena. Ubavu mmoja ulikuwa na mafundo ishirini na manne. Bawa moja lilikuwa na mbavu kumi na tatu. Na ndege haina bawa moja.

"Mama Okeyo, umelala?" Wangechi aliniita kutoka ng'ambo.

"Napumzisha mgongo."

"Mgongo ni wako, lakini hiyo chai mke wa Mwalimu ameweka hapo ni ya sisi wawili, na inapoa. Vuta uzi."

Sisi wawili tulishona maturubai ya malori miaka thelathini na moja, karakana moja ya Nakuru, kabla ya mashine kuja na sisi kwenda nyumbani. Kwa hivyo Mwalimu Kabiru alipokuja Bondeni akiuliza ni nani anayejua kuvuta uzi ukae sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, watu walimwelekeza kwangu, na mimi nikamwelekeza kwa Wangechi. Mwalimu alikuwa amefundisha fizikia sekondari mpaka akastaafu. Ndege alikuwa anaijenga Lanet, nyuma ya nyumba yake, ndani ya kibanda cha mabati, mwaka wa tisa sasa. Fremu ya mwili aliichomelea mwenyewe. Mbavu za mabawa alizikata na msumeno mdogo, moja moja, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama mwiko wa zamani.

Wangechi ndiye aliyemuuliza siku ya kwanza. "Mwalimu, hii kitu ikimalizika utaenda nayo wapi?"

"Kuna viwanja vidogo huko bondeni, vya udongo, vimesahaulika. Tunaenda na wenzangu wenye ndege kama hizi. Tunatua, tunakunywa chai, tunarudi."

"Mnabeba nini?"

"Hatubebi kitu."

"Mnaenda kuona nani?"

"Hakuna mtu."

Wangechi alicheka nyuma ya bawa mpaka sindano ikawa inatetemeka mkononi mwangu. "Kwa hivyo ni kama mimi nipande basi mpaka Eldama Ravine, nikunywe chai, nirudi."

"Ni hivyo tu, Wangechi. Isipokuwa hakuna barabara."

Mwalimu alikuwa na sheria moja kwa wanaoshona. Kila ukianza, unawe mikono na sabuni, uikaushe kabisa. Aliweka ndoo mlangoni, kipande cha sabuni ya kufulia, na taulo safi. Tulitii. Tulinawa asubuhi, tukanawa baada ya chai, tukanawa baada ya chakula. Lakini ilikuwa Julai, na Lanet mwezi wa Julai kuna baridi inayoingia chini ya kucha. Sabuni ile na uzi mgumu ule wenye nta vilinipasua vidole. Damu ilitoka kwenye fundo la kidole cha shahada, nikaifunga na kitambaa, nikaendelea. Halafu nikafanya kile kila mwanamke wa rika letu hufanya akishanawa. Nikatoa mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe kwa kikapu changu, nikajipaka kidogo. Nikampa Wangechi naye akajipaka. Sisi hatujui kuacha mikono mikavu, imepauka, halafu uketi nayo kwa nyumba ya watu. Kunawa na kujipaka kwetu ni kazi moja. Hata sikufikiria kwamba nimefanya jambo.

Tulimaliza mwezi wa nane. Juu ya kila mstari wa mafundo Mwalimu alibandika tepe ya kitambaa na gundi, halafu rangi, mara sita, nyeupe na mstari wa kijani. Kabla ya tepe alikuja bwana mmoja mkaguzi, akavuta mafundo yangu na kidole, akaangaza tochi ndani, akasema hajaona mkono kama huo. Mwalimu akanitazama kama tumezaliwa tumbo moja.

Shida ya Mwalimu ilikuwa tarehe. Rubani hupimwa na daktari, na karatasi ya daktari ina siku yake ya kuisha. Becky mkewe alituambia jikoni, sauti ya chini, kwamba ana presha ya macho, inakula jicho la kulia pembeni pembeni. Karatasi aliyo nayo ilikuwa ya mwisho. Ikiisha, hakuna daktari atakayeandika nyingine. Miaka tisa ya kujenga, na wakati majaribio yote yalipokwisha, saa zote ambazo serikali inataka uruke ukizunguka uwanja bila abiria, alikuwa amebaki na siku kumi na mbili.

Siku ya kwanza katika hizo alisema ni yangu.

"Wangechi amekataa," aliniambia. "Anasema miguu yake imezoea udongo."

"Na yangu nani amekuambia imezoea hewa?"

"Mama Okeyo, umefunga mafundo zaidi ya mia sita kwa hii kitu. Njoo uone yanafanya nini."

Nikaenda. Tuliondoka Rongai, kwa mzee mmoja aliyemkatia ukanda wa nyasi kando ya mahindi yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi nilikaa nyuma, magoti yakigusa kiti chake. Niseme ukweli, sikuogopa. Nilichoka. Kelele ya injini ile inaingia kwa mifupa, na mkanda unakukaza tumbo. Menengai ilipita kulia kwetu, Solai ikapita chini, mistari ya mkonge, halafu kijani kikaisha kidogo kidogo kama rangi inayotoka kwa nguo. Bogoria ilikuwa na moshi wake ukingoni. Baada ya hapo ni udongo mwekundu na miiba, na joto likaanza kupanda kutoka chini likitutikisa.

Kiwanja kile kinaitwa Ng'oswet. Kukiona ni lazima uambiwe. Ni kama mtu alivuta kidole juu ya vumbi mara moja akaenda zake. Mwalimu alipita chini kabisa mara ya kwanza bila kutua, kufukuza mbuzi, na nikaona mama mmoja anakimbia na fimbo huku na huku, leso ikipepea. Tulizunguka. Mara ya pili magurudumu yakagusa, tukaruka, yakagusa tena, na vumbi likatufunika.

Yule mama alikuwa Chepkorir. Nyumba yake iko mwisho wa kiwanja, na kwa vile ndege zikija zinamkuta yeye, ndiye anayejaza mashimo ya ngiri na kupanga yale mawe yaliyopakwa chokaa. Alikuwa na birika motoni tayari.

"Karibu, mathe. Hawa wazee wengine huja peke yao. Leo amekuja na mamake?"

"Huyu ndiye aliyeshona ndege," Mwalimu akasema.

Chepkorir alinipima kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Wewe? Sasa mimi nikiwa na cherehani, si ningetoka hapa kitambo."

Mwalimu alisema tuondoke kabla ya saa tatu na nusu. Huko chini jua likishachoma, hewa inakuwa nyepesi na bawa halipati cha kushika. Alikunywa chai yake amesimama, anaangalia mlima, na sijawahi kuona mzee ametulia uso namna ile. Mimi chai ilikuwa moto, na miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaona niinyooshe kwa kuzunguka ndege. Nilikuwa napitisha kiganja chini ya bawa, mstari kwa mstari, kama tulivyokuwa tukipitisha kwa turubai kabla ya kulikunja.

Bawa la kushoto, ubavu wa tatu kutoka mwilini, kiganja kikakwama.

Tepe ilikuwa imeinuka upande wa mbele, urefu wa kidole. Niliishika na kucha. Ilikuja. Haikukatika wala haikung'ang'ana. Ilikuja pamoja na rangi yake, kama plasta inavyobanduka kwa ngozi yenye jasho, mpaka urefu wa mkono mzima, na chini yake nikaona mafundo yangu, yote sawa, vidole vitatu vitatu, na uzi unang'aa. Nikaugusa. Nikanusa kidole. Nilijua harufu ile kabla haijafika puani.

Niliketi chini kwanza. Halafu nikamwita.

"Mwalimu. Njoo uone."

Alikuja na kikombe. Aliinama chini ya bawa, akakaa huko. Akapitisha kidole.

"Ni grisi hii. Gundi haishiki juu yake. Imetoka wapi?"

"Ni mafuta ya kukamulia. Tulikuwa tunajipaka tukishanawa. Mikono ilikuwa inapasuka. Ni mimi nilileta mkebe."

Mbuzi walikuwa wamerudi kiwanjani.

"Kila siku?"

"Kila siku ya baridi."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alienda kwa ndege, akatoa tepe ya fundi yenye rangi ya fedha, akafuta pale na kitambaa chenye petroli, akairudisha ile niliyobandua, akabandika yake juu. "Ni kipande kidogo," akasema. "Gundi imelegezwa na joto la huku. Tukipanda juu kuna baridi, itakaza."

Nilienda ubavu wa pili, nikafinya tepe yake. Ikainuka. Nikaenda wa nne. Ikainuka. Wa tano ilishika. Wa sita ikainuka.

"Usiziguse, Mama Okeyo."

"Mimi sizivuti. Zinakuja zenyewe."

"Nimesema usiziguse!"

Hapo ndipo aliponiangalia, na jicho lile la kulia lilikuwa linanitafuta kidogo pembeni kabla ya kunipata. Aliongea polepole, kama yuko ubaoni. Kwamba mafundo ndiyo yanayoshika kitambaa, tepe ni ya kuyafunika tu. Kwamba ni dakika arobaini. Kwamba atapaa peke yake ili ndege iwe nyepesi, mimi nipande pikipiki mpaka Marigat halafu gari, na Chepkorir atanipeleka barabarani.

"Wewe uliniambia upepo ukipata mdomo wa tepe unaingia chini yake," nikasema. "Ukishaingia unapiga kitambaa mpaka kinararuka. Uliniambia wewe, kwa mdomo wako, wakati Wangechi aliuliza tepe ni ya nini."

"Nilisema inaweza."

"Ulisema inararua."

"Mama, nina siku kumi na moja." Aliweka tepe chini. "Nikiacha hii ndege hapa, kuitengeneza ni miezi mitatu. Nitairusha na karatasi gani? Niambie. Baada ya hizo kumi na moja mimi ni mzee wa Lanet mwenye kibanda cha mabati."

"Na Becky?"

"Becky anajua."

"Anajua ya siku. Ya tepe hajui."

Alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika tano. Alisema anaenda kutembea kiwanja mpaka mwisho, kuona mashimo, na akirudi anawasha. Akaenda, mikono nyuma, shati limelowa mgongoni. Chepkorir akamfuata na fimbo yake ili aondoe mbuzi.

Mimi nilibaki na ile ndege. Mtu akiwa amechoka hawezi kufikiria mambo mengi, na pengine hilo ndilo lililonisaidia. Nilifikiria kumpigia Becky, lakini simu haikuwa na mtandao hata mstari mmoja. Nilifikiria kukaa ndani nikatae kutoka, lakini ningekuwa tu abiria wa kuanguka naye. Nilifikiria funguo, na ndege ile haina funguo, ina swichi. Halafu nikafungua kikapu changu, nikatoa makasi.

Kitambaa cha bawa kimekazwa kama ngozi ya ngoma. Ukikitoboa kinatoa sauti. Nilianza katikati ya ubavu wa pili na wa tatu, karibu na ukingo wa mbele, nikakata kwenda nyuma. Hakikuhitaji kusukumwa, kilikuwa kinakimbia mbele ya makasi. Nikahamia kati ya wa tatu na wa nne nikakata tena, sababu mpasuko mmoja angeweza kuubandika. Niliona mbao zake ndani, zimepakwa vanishi vizuri, na alama ya penseli ya namba kwa kila moja. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa.

"Weee!" Chepkorir alikuwa anarudi mbio. "Mathe, unachinja ndege ya watu!"

Mwalimu alimsikia. Alianza kukimbia, halafu akaacha, akatembea. Alipofika alisimama mbele ya bawa. Kitambaa kilikuwa kinapepea kwa upepo mdogo, polepole.

"Umefanya nini," akasema. Haikuwa swali.

"Nimekata."

"Miaka tisa."

"Najua."

"Hujui! Hujui kitu! Wewe umeshona miezi miwili, mimi ni miaka tisa!" Alipiga ngumi mguu wake mwenyewe mara mbili. "Kama ni mafuta mmepaka, mmepaka. Sasa na makasi pia? Nani alikuambia uamue?"

"Hakuna."

Alikaa chini ya bawa lile zima, la kulia, akanigeuzia mgongo. Nikakaa chini ya lile nililokata. Chepkorir alituangalia, mmoja baada ya mwingine, akasema, "Basi nitaweka maji mengine," akaenda.

Tulikaa Ng'oswet siku mbili. Nililalia kitanda cha ngozi, nikala ugali na maziwa, na sikuongeleshwa. Mwalimu alikuwa na spana zake ndani ya ndege, na wanaume watatu wa jirani wakaja kushikilia mabawa wakati anayafungua. Aliwaambia "shika hapa", "inua", "weka polepole", na mimi hakuniambia hata "sogea". Mwili wa ndege aliufunga kamba kwa mti, akamwachia Chepkorir. Siku ya pili jioni likapita lori la mbuzi linaenda Nakuru, na dereva akakubali kuyafunga mabawa juu ya kizimba.

Tuliketi mbele watatu, mimi katikati. Dereva alikuwa kijana mwenye maneno.

"Mzee, sasa ndege ilikataa nini?"

"Kitambaa," Mwalimu akasema.

"Kimeraruliwa na nini, ndege wengine?" Akacheka peke yake. Alipoona hatucheki akawasha redio.

Tulipita Marigat. Tulipita yale maduka ya asali barabarani. Mbuzi walikuwa wanalia nyuma, na kila tukigonga shimo bawa lilikuwa linagonga chuma juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa nimeanza kusinzia.

"Ningeenda," Mwalimu akasema, anaangalia nje.

"Najua."

"Hata ungelia. Hata ungelala mbele ya gurudumu, ningekuondoa kando nikaenda."

"Ndiyo maana sikulia."

Tulifika nyumbani kwangu. Aliniteremshia kikapu, akakiweka mlangoni, akapanda tena.

Wangechi alipojua aliapa hatagusa sindano tena, halafu akaniuliza kama Mwalimu amesema jina lake. Nikamwambia hapana, nilisema ni mkebe wangu. Jioni akaniletea mboga.

Siku ya mwisho ya ile karatasi ilikuwa Jumatano. Sikuwa nimeitwa. Lakini niliamka nikiijua, nikaanika nguo, nikafua tena zilizokuwa safi, na saa nane nikajikuta niko Lanet mbele ya lango lao. Mgongo ulikuwa unauma na sikuwa na la kusema nikifika.

Becky alifungua. Alikuwa na unga mikononi.

"Yuko nyuma," akasema. "Anabandua vitambaa tangu asubuhi. Hajala."

"Bado ana hasira na mimi?"

"Sana. Jana ametaja jina lako akatupa nyundo." Alijipangusa unga kwa aproni, akanishika mkono akaniingiza ndani. "Wacha akasirike, mama. Akikasirika namsikia nikiwa hapa jikoni."

Nilipita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameinamia bawa la kushoto, kitambaa chote kimetoka, kimekunjwa kando. Hakuinua kichwa.

"Shika huo upande," akasema. "Nataka kuliinua ukutani."

Nikashika. Tulihesabu mpaka tatu, tukainua.